UMBALI WA JEDDAH NA RIYADH, NA ILE SAA NANE

Mimi niko Kidato cha Tatu katika shule hii yetu ya kutwa, na nyumbani ni Kambi Muru, Kibera. Mhariri wa jarida alitangaza mbele ya wanachama wote wa Chama cha Kiswahili kwamba mwaka huu anataka makala za mafunzo, maana mashairi na hadithi zimeshamjaa mezani. Basi nimeitika mwito. Somo langu ni umbali na muda wa safari kati ya miji miwili ya bara la Asia, yaani Jeddah na Riyadh, yote miwili ikiwa katika nchi ya Saudi Arabia.

Tafadhali usifunue ukurasa mwingine eti kwa kuwa umeona hesabu. Hesabu yenyewe ni fupi, na ndani yake mna Kiswahili pia. Tena si jambo nililolitoa kitabuni tu. Lilitupata nyumbani, na lau hatungeuliza mapema tungelia.

1. UMBALI NI WA NAMNA NGAPI?

Tuanze karibu kabla ya kwenda mbali. Mama mkubwa anakaa Kawangware. Nikiweka rula juu ya ramani ya Nairobi, kutoka Kambi Muru hadi kwake napata kama kilomita 5. Lakini mimi si kunguru. Mimi nakata Makina, napita soko la Toi, natokea Adams, nafuata Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, halafu naingia Naivasha Road. Siku moja nilihesabu hatua zangu zote, nikapata zaidi ya kilomita 6. Muda nao hubadilika. Siku ya jua natembea saa moja na robo. Siku ya matope inaweza kuwa saa mbili.

Hapo tayari tuna vitu vitatu ambavyo watu huviita kwa jina moja tu la "mbali":

(a) Umbali wa kunguru: mstari ulionyooka juu ya ramani. Ndege za abiria hufuata karibu na huo.
(b) Umbali wa njia: kilomita za barabara au reli, pamoja na kona zake zote.
(c) Muda: saa na dakika ambazo msafiri atazitumia kweli.

Mtu akikwambia "si mbali", muulize anasema (a), (b) au (c). Kuuliza si ujinga.

2. TIKITI YA MAMA MDOGO

Mama mdogo alikwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Alipokwenda alishukia Riyadh, kisha akapelekwa kwa familia inayokaa Jeddah. Mkataba ulipokwisha, tikiti ya kurudi ikakatwa kutoka Riyadh vilevile, ingawa yeye yuko Jeddah.

Jumapili moja wakala aliyemshughulikia alimpigia mama simu. Akasema, "Mwambie ndugu yako ajitayarishe. Ndege ni Ijumaa saa nane, kutoka Riyadh. Atoke tu huko Jeddah asubuhi na mapema. Jeddah na Riyadh ni kama hapa na Thika."

Mama alifurahi akaanza kupanga nani ataenda kumpokea. Lakini nyanya, ambaye hajaenda shule hata siku moja, akakunja uso. "Thika ya wapi? Mbona mtoto wangu aliniambia walipomtoa huko walikomshusha alilala garini, akaamka, akalala tena? Mjukuu wangu, si wewe ndiye unayesoma? Hebu niangalizie."

Nikaona haya. Nilikuwa nimesikia majina hayo mawili kwa miaka miwili mizima, na hata siku moja sikuwahi kuyatafuta kwenye ramani. Jumatatu asubuhi nikaenda maktaba ya shule, nikaazima atlasi.

3. HESABU YENYEWE

Kila mji duniani una anwani ya namba mbili. Latitudo inaonyesha uko kaskazini au kusini ya ikweta kwa digrii ngapi. Longitudo inaonyesha uko mashariki au magharibi ya mstari unaopita Greenwich, Uingereza. Anwani za miji yetu kwa desimali moja ni hizi:

Jeddah: latitudo 21.5 Kaskazini, longitudo 39.2 Mashariki
Riyadh: latitudo 24.7 Kaskazini, longitudo 46.7 Mashariki

Sasa kumbuka kanuni mbili. Digrii 1 ya duara kubwa la dunia ni maili 60 za baharini. Maili 1 ya baharini ni kilomita 1.852.

Hatua ya kwanza, kwenda kaskazini:
24.7 – 21.5 = digrii 3.2
3.2 × 60 = maili 192

Hatua ya pili, kwenda mashariki:
46.7 – 39.2 = digrii 7.5
7.5 × 60 = maili 450

Hapa ndipo nilipoteleza. Nilizichukua hizo 450 kama zilivyo, nikamaliza hesabu, nikapata kilomita 906. Nikampelekea mwalimu wa hisabati wakati wa mapumziko. Aliangalia mara moja tu akaniuliza, "Kosaini iko wapi?"

Alinieleza kwa mfano wa chungwa, nami nakupa mfano huohuo. Menya chungwa ulitazame. Kila kipande ni kinene katikati, na kinakuwa chembamba kuelekea nchani. Mistari ya longitudo iko hivyohivyo. Kwenye ikweta iko mbalimbali, na huko kwenye ncha za dunia inakutana. Kwa hivyo digrii moja ya longitudo ni maili 60 kwenye ikweta pekee. Ukienda kaskazini au kusini inapungua, na kipimo cha kupungua ni kosaini ya latitudo. Sisi wa Nairobi hatuioni tofauti hiyo kwa kuwa tuko karibu sana na ikweta, kama digrii 1.3 tu kusini. Jeddah na Riyadh ziko mbali nayo.

Wastani wa latitudo mbili zile ni 23.1, na kosaini yake ni 0.92. Basi:
450 × 0.92 = maili 414

Hatua ya tatu, mstari wa kunguru. Kaskazini na mashariki hukutana kwa pembe mraba, kwa hivyo tunatumia kanuni ya Pythagoras:
192 × 192 = 36,864
414 × 414 = 171,396
Jumla = 208,260
Kipeuo cha pili = maili 456 hivi
456 × 1.852 = kilomita 845 hivi

Kumbe! Kutoka Nairobi hadi Thika ni kilomita arobaini na kitu. Hizi ni 845, tena za kunguru.

Tahadhari: njia hii ya Pythagoras inafaa kwa miji isiyoachana sana. Ukitaka kupima Nairobi hadi New York, mviringo wa dunia utakuharibia jibu, utahitaji kanuni nyingine.

4. KUPIMA KIPIMO

Jibu la hesabu lisiaminiwe mpaka lijaribiwe mahali unapopajua. Nikajaribu njia ileile kwa Nairobi (1.3 Kusini, 36.8 Mashariki) na Mombasa (4.0 Kusini, 39.7 Mashariki). Tofauti ya latitudo ni 2.7, yaani maili 162. Tofauti ya longitudo ni 2.9, yaani maili 174. Huku kosaini ni karibu 1, haibadilishi kitu. Pythagoras anatupa maili 238 hivi, ambazo ni kilomita 440. Barabara ya Mombasa ni kama kilomita 480, kwa sababu inapinda na kupanda. Kunguru 440, barabara 480. Jibu limekubali.

5. MUDA WA NDEGE

Ndege kubwa ya abiria ikishatulia hewani huenda kama kilomita 800 kwa saa au zaidi. Ukigawanya 845 kwa 800 unapata saa 1 na dakika 3. Lakini ratiba za ndege kati ya Jeddah na Riyadh huonyesha kama saa 1 na dakika 45. Dakika arobaini zimepotelea wapi?

Sisi wa Kibera tunaweza kujibu bila kupanda ndege. Uwanja wa Wilson uko ng'ambo tu ya barabara ya Langata, na zile ndege ndogo tunaziona kila siku. Ndege haichomoki kama jiwe la manati. Kwanza inatambaa chini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inangoja zamu, ndipo inaondoka. Ikipanda haijafikia mwendo wake. Inaweza kurukia upande mmoja halafu ikageuka kuelekea iendako. Ikikaribia kutua inapunguza mwendo, na pengine inazunguka ikingoja ruhusa. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea hadi inaposimama kabisa.

Juu ya hayo ongeza muda wa abiria mwenyewe. Anayesafiri nje ya nchi kwa kawaida huambiwa afike uwanjani saa tatu kabla. Hapo Kiswahili kinatutega kidogo, maana "saa tatu" ni muda, na "saa tatu" ni wakati pia. Mwalimu wetu wa Kiswahili hututia kalamu nyekundu tukiandika "masaa". Basi sema "muda wa saa tatu" na utaeleweka bila kupoteza alama.

6. BARABARA NA RELI

Lakini mama mdogo hakuwa na pesa za ndege ya Jeddah hadi Riyadh, na hakuna aliyejitolea kumlipia. Ilibidi apande basi. Barabara hiyo hupitia upande wa Taif, milimani, kisha inaingia jangwani. Urefu wake ni kama kilomita 950. Hiyo ni sawa na kutoka Nairobi hadi Mombasa na kurudi bila kulala! Basi huchukua zaidi ya saa kumi.

Jirani mmoja akashauri apande treni, kwa kuwa amesikia Saudi Arabia wana treni ya kasi. Ni kweli wanayo. Reli ya Haramain ilifunguliwa mwaka 2018, na urefu wake ni kama kilomita 450. Lakini inaunganisha Makka, Jeddah na Madina. Haifiki Riyadh. Ukiipanda kwa kukosea utafika mahali pazuri na ndege yako itakuwa imeondoka.

7. SAA NANE GANI?

Sasa tuje kwenye kiini, na hapa ndipo penye Kiswahili. Baada ya kumaliza kilomita nilimwomba mama mdogo atutumie picha ya tikiti kwa simu. Ikaja. Imeandikwa Ijumaa, 02:10.

Sisi Waswahili huhesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa. Tikiti huhesabu tangu usiku wa manane, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Kubadilisha ni rahisi: toa sita, au kama haitoki, ongeza sita; jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili.

14:10, toa 6, ni saa nane na dakika kumi mchana.
02:10, ongeza 6, ni saa nane na dakika kumi usiku.

Umeona mtego? Zote mbili ni saa nane! Wakala alipotamka "Ijumaa saa nane" hakusema uongo, lakini hakusema yote. Sisi tulisikia mchana, kwa sababu nani huanza safari saa nane za usiku? Kumbe ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kama mama mdogo angefuata maneno yale, angeondoka Jeddah Ijumaa asubuhi, na ndege ingekuwa imeshatua Nairobi yeye akiwa bado anafunga begi. Tikiti nyingine tungeitoa wapi? Mama anauza chapati kando ya njia. Tungeuza chapati mpaka lini?

Nikapanga hesabu kutoka nyuma kuja mbele, na hii ndiyo njia ninayokushauri kwa safari yoyote:

Ndege: Ijumaa 02:10
Kufika uwanjani: Alhamisi 23:10, yaani saa tano na dakika kumi usiku
Basi kwa makadirio ya saa 13: liwe limeondoka kabla ya Alhamisi saa nne asubuhi
Nafasi ya kuharibika gari na kupotea njia: nusu siku
Kwa hivyo kuondoka Jeddah: Jumatano jioni

Jumatatu hiyohiyo usiku tukampigia. Mama akanipa simu.

"Mama mdogo, shikamoo. Usingoje Ijumaa. Ondoka Jumatano."

"Marahaba. Nani amesema?"

"Nimepiga hesabu, na mwalimu ameitazama. Ndege ni ya usiku wa Alhamisi."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hata mimi niliona ile njia ni ndefu. Lakini wakala amesema ni karibu, nikaogopa kubishana naye. Nikadhani nimesahau."

Maneno hayo yalinikaa moyoni kuliko hesabu yote. Mtu aliyeipita njia mwenyewe, kwa macho yake, aliacha kuamini macho yake kwa sababu mwenye karatasi amesema vingine.

8. JUA LA JEDDAH NA JUA LA RIYADH

Kabla sijafika mwisho, jambo moja la kufurahisha. Saudi Arabia yote hutumia saa moja, tena ni saa ileile ya Kenya. Ikiwa saa mbili asubuhi Kibera, ni saa mbili asubuhi Jeddah na Riyadh. Lakini jua halifuati serikali. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, yaani digrii 1 kwa dakika 4. Riyadh iko digrii 7.5 mashariki ya Jeddah. Zidisha kwa 4, unapata dakika 30. Kwa hiyo jua la Riyadh hutangulia la Jeddah kwa kama nusu saa.

Mama mdogo alituthibitishia. Anasema wakati wa Ramadhani familia aliyokuwa akiifanyia kazi ilikuwa ikiongea kwa simu na ndugu zao wa Riyadh. Wale walikuwa tayari wanakula tende, na hawa wa Jeddah bado wanangoja adhana, na saa ukutani ni moja.

Tena ile desturi yetu ya kuhesabu saa tangu kucha inatufaa kwa sababu tuko karibu na ikweta. Nairobi jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Riyadh huchomoza kama saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Juni, na baada ya saa kumi na mbili na nusu mwezi wa Januari. Kama Kiswahili kingezaliwa huko, sijui saa moja ingekuwa lini!

9. MWISHO WA SAFARI

Mama mdogo alipanda basi Jumatano saa kumi na mbili jioni. Alifika Riyadh Alhamisi saa moja asubuhi, saa 13 kamili barabarani. Alishinda uwanja wa ndege mchana kutwa amekalia begi lake. Kutoka Riyadh hadi Nairobi ni kama kilomita 3,080 za kunguru, na ndege ilichukua saa nne na nusu na zaidi kidogo. Ijumaa saa moja kasorobo asubuhi alitua. Tulikuwa tumefika uwanjani tangu saa kumi na moja, mimi, mama na mama mkubwa wa Kawangware. Nyanya alibaki nyumbani akichemsha maji ya kuoga.

Wakala alipiga simu saa tatu asubuhi siku hiyohiyo ya Ijumaa, akauliza kama mama mdogo ameshatoka Jeddah. Mama akamjibu, "Yuko hapa anakunywa chai."

Mafunzo niliyopata, ndugu msomaji, ni haya. Ukitajiwa umbali, uliza ni wa njia gani. Ukitajiwa saa, uliza ni ya usiku au mchana, na ni usiku wa kuamkia siku gani. Ukiona macho yako na maneno ya mkubwa hayapatani, tafuta ramani. Hapa mtaani kwetu kina dada na kina mama wengi wanakwenda Uarabuni. Kila nyumba yenye mwanafunzi wa sekondari ina mtu anayeweza kuwasomea tikiti. Tusingoje kuombwa.

ZOEZI

1. Dubai iko 25.2 Kaskazini, 55.3 Mashariki. Muscat iko 23.6 Kaskazini, 58.4 Mashariki. Tafuta umbali wa kunguru. Kosaini ya wastani wa latitudo ni 0.91. Jibu lako likiwa karibu kilomita 360, umepatia.
2. Tikiti imeandikwa Jumapili 00:30. Iseme kwa Kiswahili kamili, kisha ueleze abiria atoke nyumbani siku gani.
3. "Tukutane saa tisa." Andika maana zake mbili kwa saa ya tikiti, halafu uisahihishe sentensi isiwe na utata.
4. Pima kutoka nyumbani kwenu hadi shuleni kwa kunguru, kwa njia na kwa muda. Wanaochelewa mstarini asubuhi walianze hili kwanza.

Majibu mniletee mkutano ujao wa chama. Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu